Okidi nzuri, makumbi ya chumvi

Okidi hii nimekaa nayo mwaka mzima ndipo nikaandika. Mmea ukiununua umechanua, sifa ya yale maua ni ya aliyeukuza, si ya duka wala si yako. Nilitaka kaskazi ipite, masika ipite, kusi ivume, halafu ndiyo niseme kama pesa yangu ilikwenda pazuri.

Niliinunua kwenye bustani ya miche iliyoko nje kidogo ya mji, hapa Unguja, chini ya miembe na neti nyeusi ya kivuli. Jina silitaji, kwa kuwa kuna kosa nitakalolieleza na wao walilikiri mbele yangu. Wanauza misumini, mawaridi na miche ya matunda, na upande wa nyuma wana okidi za aina mbili: Phalaenopsis kwenye makopo, na Vanda zinazoning'inia kwenye vikapu vya mbao, mizizi nje, hazina udongo wala chochote. Mimi nilichukua Phalaenopsis nyeupe yenye moyo wa manjano, mwezi wa Novemba, shilingi 60,000. Ni ghali, sikatai. Haina harufu ya kumfikia kilua wala asumini. Lakini asumini ya jioni asubuhi imeshasinyaa, na ua la kwanza la hii nililihesabia siku 71 mpaka lilipodondoka.

Kilichonifanya niipende bustani ile ni mzee anayehudumia okidi. Nilimwamkia, nikamuuliza nimwagilie mara ngapi kwa wiki. Akasema, "Mwanangu, siku usihesabu. Tazama mzizi." Akanyanyua kopo la plastiki linaloonyesha ndani, akanionyesha mizizi ilivyokuwa ya kijivu, inang'aa kama fedha iliyochakaa. Akachota maji kwa kata, akayamimina taratibu. Mbele ya macho yangu ile mizizi ikageuka rangi ya chanikiwiti, kwanza kwa madoa, halafu yote. "Ukiuona wa kijivu una kiu. Ukiwa chanikiwiti umeshiba, uache." Mzizi wa okidi umevikwa ganda laini linalofyonza maji kama sponji, na ganda hilo linataka kulowa kisha kukauka. Kwao, Asia ya Kusini-Mashariki, mimea hii hukaa juu ya miti. Mvua huipiga na upepo ukaikausha. Ukiiweka kwenye udongo wa bustani imelowa kutwa kucha, mizizi inaoza.

Somo lile peke yake lina thamani ya nusu ya bei. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua kali, mizizi yangu ilikuwa ya kijivu kila baada ya siku moja, nikawa namwagilia asubuhi mapema. Aprili, masika ilipokolea, zilipita siku 12 sijaigusa na bado ilikuwa chanikiwiti. Kusi ilipoingia nikarudi kwenye siku nne au tano. Kopo ni lile lile, kibaraza kile kile. Ningefuata ratiba ya wiki ningeiua kwa kiu Februari au kwa maji Aprili.

Sasa kosa. Mwezi wa Machi nilirudi kununua makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ya kupandia, mfuko shilingi 5,000, niibadilishie okidi chombo. Baada ya wiki mbili ncha za mizizi, zile zinazokuwa za kijani kibichi zikikua, zikawa kahawia na kukauka kama zimeunguzwa. Maji nilikuwa natia kwa kutazama mzizi, kivuli kilikuwepo. Nikachukua kipande cha kumbi, nikakiloweka kwenye kikombe usiku mmoja, asubuhi nikaonja yale maji kwa ncha ya ulimi. Chumvi tupu! Yalikuwa makumbi ya pwani, yale wanayoyafukia kinamama kwenye mchanga wa bahari miezi kadhaa ili wayapige na kupata usumba wa kusokota kamba. Kwa kamba ni mazuri sana. Kwa okidi ni sumu.

Niliwapelekea mfuko. Mzee alionja naye, akatikisa kichwa, akaniomba radhi na kunirejeshea pesa. Niliuthamini uungwana huo, ila mizizi minne sikuipata tena. Nanyi mkinunua makumbi, kwao au kwengine, loweka kwanza na ubadilishe maji kila siku mpaka ulimi usihisi munyu. Mimi huchukua siku saba. Na kama kisima chako kina munyu kama chetu, kinga mvua. Nimeweka pipa chini ya mchirizi wa bati, na okidi hainywi maji mengine.

Mchirizi huo huo ulinipa kazi Mei. Ulikuwa unadondosha maji katikati ya majani, panapotokea jani jipya, na jani moja likaanza kuoza shinani. Nilimpigia mzee simu. Aliniambia nilikate kwa wembe uliopitishwa motoni, nipake mdalasini wa unga kwenye kidonda tu, usiguse mizizi kwa kuwa huikausha, kisha niuning'inize mmea umeinama ubavu ili maji yasituame. Kuoza kukakoma. Miezi sita baada ya kuniuzia, bado anapokea simu!

Siku za Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, usiku umeshakuwa wa baridi, niliona kitu kinachipuka chini ya jani la tatu. Nilidhani ni mzizi. Nilipoinama karibu, ncha yake haikuwa ya mviringo. Ilikuwa bapa, kama kidole kilichovaa glavu. Ni kikonyo cha maua. Phalaenopsis hungoja ubaridi wa wiki kadhaa ndipo itoe kikonyo, na kipupwe chetu kiliitosha. Oktoba ilifungua maua saba, nami nikampelekea mzee picha.

Kwa mimea na kwa mzee yule nawapa nyota tano, kwa makumbi mbili. Vanda zao ni shilingi 85,000, na kaskazi zinataka maji kila siku bila kukosa, kwa hivyo asiyeshinda nyumbani asizichukue. Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu. Mzee huondoka adhuhuri, na vijana wanaobaki wanajua bei tu.