ESC Configurator: chombo cha kusasishia vidhibiti vya mota kinachojua kukataa

Nimetumia ESC Configurator kusasisha programu dhibiti ya droni zangu tatu pamoja na za marafiki kadhaa, na sifa yake ninayoiweka mbele ya nyingine zote ni kwamba chombo hiki kinajua kukataa kuandika programu isiyolingana na kidhibiti. Kinachonitia shaka ni kwamba kando ya kukataa huko pamewekwa kisanduku kimoja ambacho, ukikitia alama, chombo kinanyamaza na kukuachia wewe mwenyewe jukumu la chochote kitakachoungua.

Kidhibiti cha mota, ambacho warushaji wengi wa droni hukiita ESC bila kujisumbua kukitafsiri, ndicho kinachogeuza umeme wa betri kuwa awamu tatu za kuzungushia mota, na ndani yake mna kompyuta ndogo yenye programu yake. Vidhibiti vingi vya bei nafuu hutoka kiwandani vikiwa na programu iitwayo BLHeli_S, juu ya chipu za EFM8 zenye kumbukumbu ya kilobaiti 8 au 16 tu. Mtu huhamia Bluejay, programu ya chanzo huria inayokaa kwenye chipu hizohizo, kwa sababu inaiwezesha kila mota kuripoti kasi yake kwa bodi kuu kupitia waya uleule unaoleta amri, na Betaflight, programu inayoendesha bodi kuu hiyo, tangu toleo la 4.1 la mwaka 2019, inaitumia kasi hiyo kuchuja mitetemo ya mota isiharibu hesabu za usawa wa droni. Tofauti yake hewani inaonekana hata kwa mgeni wa mchezo huu.

Hapo zamani kazi hii ilifanywa kwa BLHeliSuite, programu ya kompyuta ambayo ni ya Windows peke yake. ESC Configurator hufunguliwa ndani ya kivinjari cha Chrome au cha jamii yake, bila malipo na bila kusakinisha kitu, nayo hupita kwenye bodi kuu ya droni hadi kwenye vidhibiti vyote vinne, kwa hiyo huhitaji kufungua skrubu wala kushika chuma cha kulehemu. Waya wa USB unaunganisha kompyuta na bodi, lakini vidhibiti havipati umeme kutoka kwenye USB. Ni lazima betri ya droni iunganishwe pia, na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa kuwa mota zenye umeme zinaweza kuzunguka wakati wowote. Mapanga yote ya mota yatolewe kabla betri haijaguswa. Chombo chenyewe kinakuonya kuhusu hilo, na onyo hilo lisichukuliwe kama yale masharti marefu tunayoyakubali bila kuyasoma.

Jambo jingine ambalo anayeanza huwa hafikirii ni kisambaza video, ambacho kimetengenezwa kipoozwe na upepo wa safari na huchemka haraka droni ikiwa imetulia mezani. Mimi hupunguza nguvu yake, huhakikisha antena imefungwa, kisha huielekezea droni feni ya mezani kazi yote inapoendelea. Kompyuta iwe na chaji ya kutosha pia. Wakati fulani umeme wa nyumbani ulikatika nikiwa kwenye kidhibiti cha pili, na kilichoninusuru ni betri ya kompyuta, si ujuzi wangu.

Ukishaunganisha, chombo kinasoma vidhibiti na kukuonyesha jina la mpangilio wa kila kimoja, kwa mfano G-H-30. Tafadhali litazame jina hilo kwa utulivu, maana ndiyo roho ya usalama wa kazi yote. Herufi ya kwanza inaeleza jinsi miguu ya chipu ilivyounganishwa na transista za nguvu, yaani swichi zinazopeleka umeme kwenye mota. Ya pili inaeleza aina ya chipu, L ikiwa ya megahezi 24 na H ya megahezi 48. Namba ya mwisho ni kipimo cha muda mfupi mno wa kusubiri kati ya kuzima transista moja na kuwasha pacha wake. Ukiweka programu ya mpangilio usio wake, chipu inaweza kuwasha transista zote mbili kwa pamoja, umeme ukapita moja kwa moja kutoka chanya hadi hasi, na kilichobaki ni moshi.

Ninayasema haya kwa sababu yamenifika. Niliwahi kununua vidhibiti ambavyo karatasi ya kwenye boksi ilitaja mpangilio mmoja na chombo kikasoma mwingine. Nikaiamini karatasi, nikatia alama kwenye kile kisanduku cha kupuuza mpangilio, nikabonyeza. Programu iliingia bila lalamiko lolote. Nilipochomeka betri upya, kidhibiti cha kwanza kilitoa harufu ambayo fundi yeyote wa redio anaijua. Tangu siku hiyo, boksi likisema hivi na chombo kikisema vile, ninafuata chombo. Kisanduku hicho kina kazi yake kwa wanaorekebisha vidhibiti vilivyopoteza utambulisho, lakini ningependelea kingefichwa mbali zaidi na mikono yetu yenye haraka.

Kabla ya kuandika programu mpya ninapiga picha ya skrini yenye mipangilio yote, hasa upande ambao kila mota inazunguka, kisha ninahakikisha kwamba Betaflight Configurator, programu ya kupangia Betaflight, imefungwa, kwani programu mbili haziwezi kuushika mlango mmoja wa USB kwa wakati mmoja. Chombo kitakuuliza pia masafa ya kuendeshea mota: kilohezi 24, 48 au 96. Kwa droni yenye mapanga ya inchi 5 nimeridhika na 48. Kwa zile ndogo za kurushia ndani ya nyumba, 96 huongeza muda wa kuruka na kulainisha sauti, ila mwitikio wa mota kwa amri ya kasi hupungua kidogo.

Uandishi wenyewe unachukua muda mfupi, kidhibiti kimoja baada ya kingine, na katika muda huo hakuna cha kufanya ila kuweka mikono mbali na waya. Waya wenyewe uwe wa data na usiolegea. Ikitokea kazi imekatikia katikati, usikimbilie kulia hasara, kwa sababu sehemu ndogo ya programu inayopokea maandishi kwa kawaida hubaki salama. Chomoa betri, ichomeke tena, usome upya, kisha urudie kidhibiti kile kilichokwama.

Baada ya hapo watu wengi hurudisha mapanga mapema mno. Ninarudi kwanza Betaflight, ninawasha mawasiliano ya pande mbili ya DShot, yaani lugha ya amri kati ya bodi kuu na vidhibiti, na ninahesabu sumaku za mota: nyingi za inchi 5 zina 14, nyingi za droni ndogo zina 12, na ukiandika idadi isiyo sahihi kasi itakayohesabiwa itakuwa ya uongo na kichujio kitachuja pasipo na kelele. Ndipo ninazungusha mota moja moja kwa kasi ya chini, nikilinganisha pande zake na ile picha ya skrini na kuangalia kwamba asilimia ya makosa ya mawasiliano inabaki karibu na sifuri. Mota ikitetemeka bila kuanza, nguvu ya kuanzia inaongezwa kidogo kidogo, kwa sababu ikizidi inachoma waya za mota.

Chombo hiki hakiwafai wenye BLHeli_32, programu iliyofungwa ambayo uendelezaji wake ulikoma mwaka 2024. Wao wana zana yao, na kama vidhibiti vyao vinaruka vizuri sioni sababu ya kuvigusa. Wenye BLHeli_S ninawashauri wakitumie bila woga, wakianza na droni ya bei ndogo kuliko zote walizonazo. Safari ya kwanza baada ya kusasisha iwe ya kuelea kwa nusu dakika karibu na ardhi, kisha tua, chomoa betri na uguse mota zote nne kwa kidole. Ile inayokufanya uuondoe mkono kwa haraka isirushwe tena mpaka umeirudia mezani.