Hedifoni za laki nne na nusu, na adapta niliyoinunua mara mbili

Nilikuwa nimejiapiza nisivuke laki mbili. Naishi chumba na sebule Tabata, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, na muda wangu wa kusikiliza muziki ni saa sita usiku nikishatoka zamu. Spika haziwezekani. Kwa hiyo hedifoni, laki mbili, mjadala umefungwa.

Basi nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani aliniangalia viatu kwanza, ndipo akaniangalia mimi. "Unasikiliza nini, dada?" Nikamwambia dansi la zamani, bendi za Sikinde na Msondo. Akamgeukia mwenzake wakacheka. "Za Sikinde chukua hizi za elfu thelathini, zinakutosha kabisa."

Jamani. Marehemu baba yangu alikuwa Sikinde damu tangu bendi yenyewe, Mlimani Park, inaanzishwa 1978, mama yangu Msondo, na nyumba yetu kila Jumapili ilikuwa ugomvi mtupu. Nikanyoosha kidole rafu ya juu. "Zile pale." Laki nne na nusu. Sikuuliza swali hata moja. Nasema ukweli, sikununua hedifoni siku ile, nililipia hasira.

Nikiwa mlangoni akaniita, kwa upole safari hii: pini yake ni nene, haiingii kwenye simu, nichukue na adapta, elfu kumi na tano. Nikatoa.

Nyumbani nikachomeka, nikavuta sauti hadi mwisho. Kilichotoka ni kama redio ya mlinzi wa nyumba ya tatu. Ndipo nikasoma kilichoandikwa kwenye waya: ohm 300. Ohm ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyoubana umeme usipite. Simu inatoa volti ndogo, na kwa volti zilezile, ukinzani ukipanda, nguvu inayofika sikioni inashuka. Zile za ohm 32 simu inazimudu bila jasho. Hizi zinataka ampu, yaani kikuza sauti. Huyo kijana alijua, na simu yangu alikuwa ameiona mkononi.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonikaba lilikuwa ndani ya boksi. Nilipoinua sponji nikakuta kishimo kimechongwa kwa umbo la adapta, hadi ule mbinuko wa shingoni, kitupu. Nikaichukua adapta yangu ya elfu kumi na tano nikaiweka pale. Ikakaa kimya kama mtoto amerudi kitandani kwake. Kisha nikageuza boksi: hedifoni, waya, adapta, vyote vimeorodheshwa ubavuni. Nimeuziwa mali yangu mwenyewe!

Nikarudi. "Mali ikishauzwa hairudishwi, dada, soma risiti." Nikamwonyesha kishimo. Eti labda ilidondoka kwenye daladala. Na kuhusu sauti: "Hedifoni nzima, tatizo ni kasimu kako." Halafu, bila haya, akaniletea ampu ya laki tatu.

Kwa hiyo nilikuja kuandika hapa kwamba hizi hedifoni ni wizi, kaeni na za elfu thelathini. Nilishaandika nusu.

Sasa juzi shemeji akaniazima kiampu chake, kidogo kama pakiti ya biskuti. Sijui niseme nini. Magitaa mawili niliyokuwa nayasikia tangu utotoni kama moja yalitengana, kila moja likashika njia yake, na nyuma ya saksafoni nikasikia mtu akivuta pumzi. Nilikaa hadi saa tisa. Nililia kidogo pia, lakini hilo ni la baba, siyo la hedifoni.

Ni nzuri, basi. Nimesema.

Ila ni za mgongo wazi, zina wavu nyuma ya masikio, hazizuii kitu: feni inaingia, mbwa wanaingia, jenereta la baa umeme ukikatika linakaa kabisa katikati ya bendi. Kwa nyumba zetu hizi ningechukua za kufunika, zenye ohm ndogo, nikamaliza. Kutoka elfu thelathini kwenda laki mbili unasikia tofauti hata ukiwa na mafua. Kutoka hapo kwenda huku kwangu, pamoja na ampu laki saba na ushee, tofauti ipo lakini inabidi uwe umetulia, umeshiba, na jirani amelala. Laki mbili ilikuwa jibu sahihi. Nadhani. Ingawa shemeji amesema anataka kiampu chake Jumapili, na tangu jana napiga hesabu za kodi upya.

Nikinunua ampu sinunui duka lile. Na Jumamosi napita palepale na boksi langu, wateja wakiwa wamejaa, naomba elfu kumi na tano yangu kwa sauti.