Seti ya miguu ya mbele kwa gari la zamani: uzoefu wangu, kipande kwa kipande

Seti niliyofunga ina vipande 12: amu 2 za chini (mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na bodi) zikiwa na bushi zake (raba za maungio) tayari, boljointi 2 (maungio ya duara kati ya amu na gurudumu), tairodi endi 2 na rakiendi 2 (ncha za nje na za ndani za fimbo za usukani), linki 2 za stabilaiza na bushi 2 za baa ya stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona). Gari ni dogo, linavuta kwa mbele, lina shokapu za aina ya MacPherson (shokapu na springi vikiwa nguzo moja) na limeshapita miaka 20. Vipuri si vya kampuni iliyotengeneza gari. Nyota za jumla za wanunuzi hazisaidii mtu kwenye seti kama hii, maana ubora haulingani: amu na boljointi ningenunua tena, tairodi zinapita, linki sizitaki.

Nianze na amu, ndizo zinazobeba thamani ya seti. Kununua amu kamili kuna maana kwenye gari la umri huu. Kubadilisha bushi peke yake kunahitaji presi (mashine ya kusukumia), na bushi ikiingizwa kwa nyundo ganda lake linapinda hata kabla ya kufungwa. Kabla ya kufunga, laza amu mpya juu ya ya zamani. Matundu ya bolti yalingane, na kama bushi ya nyuma ina nafasi tupu ndani ya raba, ziangalie upande uleule. Bushi ikipachikwa imegeuka robo mzunguko, inakuwa ngumu pale inapotakiwa kulegea na laini pale inapotakiwa kushika, na gari litayumba kila ukikanyaga breki. Hizi zilikuja sawa, na rangi imeingia hadi kwenye mikunjo ya chuma ambako kutu huanzia.

Kwenye kukaza sasa, hapo ndipo kazi nyingi za miguu zinapoharibikia. Bushi ya amu haizunguki kama beringi. Raba yake imegandishwa kwenye bomba la ndani na ganda la nje, kwa hiyo amu ikipanda au kushuka, raba inajisokota kisha inarudi. Ukikaza bolti za amu gurudumu likiwa linaning'inia, raba inashikiliwa katika mkao huo wa kuning'inia, na ukishusha gari inabaki imesokotwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Utaona mbele imekaa juu kidogo, utasikia mlio kwenye matuta, kisha raba inachanika kuzunguka bomba la ndani mapema kabisa. Hapo lawama huangushiwa kipuri, kwamba ni feki. Vaa bolti zote kwa mkono, zibane kiasi tu. Weka jeki chini ya amu karibu na boljointi, pandisha mpaka gari lianze kunyanyuka kidogo kutoka kwenye stendi (stendi isiondoke), ndipo ukaze kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Ukiwa na shimo au rampu ya kupandia, shusha gari kwenye magurudumu, lisukume mbele na nyuma kidogo, ukaze hapo. Hiyo ndiyo njia bora.

Boljointi zimefungwa kabisa, hazina nipeli ya grisi, kwa hiyo buti (kifuniko cha raba) ndiyo uhai wake. Boljointi nzuri mpya ukiizungusha kwa mkono inakataa kwa ugumu ulio sawa pande zote, bila kukwama na bila kulegea ghafla. Zote mbili zilikuwa hivyo. Kutoa za zamani tumia pula (kifaa cha kuvutia). Ule uma wa kugongea kwa nyundo unachana buti, haufai kwa kipande unachotaka kukirudisha. Kama pula imekaza na shingo (pini ya boljointi) haitoki, gonga ubavu wa tundu la nako (kipande kinachobeba gurudumu) kwa nyundo huku pula ikivuta, si kichwa cha nyuzi.

Tundu la nako lifutwe likauke kabisa, na shingo ya boljointi isipakwe grisi. Inashika kwa msuguano wa chuma kwa chuma. Nati ikianza kuzunguka pamoja na shingo, pandisha amu kwa jeki ili shingo ijikaze kwenye tundu, kisha endelea. Nati ya vijino isipolingana na tundu la kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke), ongeza kukaza hadi tundu linalofuata, usirudishe nyuma hata kidogo. Nati za kujifunga zenye nailoni ni za mara moja. Seti ilikuja na mpya na ndivyo inavyotakiwa.

Amu ikiwa nje, nako inabaki huru, na watu huisahau. Usiivute kuelekea nje, maana jointi ya ndani ya shafti inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Kalipa (kibano cha breki) ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye hozi ya breki.

Linki za stabilaiza ndizo zilizoniangusha. Moja ilianza kugonga kabla ya kilomita 7,000: ule mgongano mwepesi wa haraka kwenye barabara yenye vijishimo, mwendo mdogo, gurudumu moja moja likipanda. Ilipofunguliwa, waya unaobana buti ulikuwa umelegea kiasi kwamba buti ilizunguka kwa kidole, na ndani grisi imeshageuka tope la kahawia. Tundu la heksagoni la kushikia shingo nalo halina kina. Kutu kidogo tu linazunguka tupu na itabidi ukate nati. Nunua linki zenye sehemu bapa ya kushikia kwa spana nyuma ya shingo.

Tairodi endi hazina shida, buti zimekaa vizuri. Rakiendi zinataka uangalifu zaidi. Pima urefu na nyuzi dhidi ya za zamani, maana gari moja linaweza kuwa limetoka na raki (kiungo cha usukani chenye meno) za aina mbili. Unapofungua au kukaza, shika raki yenyewe kwa spana ya pili, la sivyo nguvu yote inaishia kwenye meno ya raki. Washa ya kufungia ikunjwe vizuri kwenye sehemu bapa. Buti ya raki iliyopasuka ibadilishwe palepale. Maji yakiingia humo, kinachofuata ni raki nzima.

Kuhesabu mizunguko wakati wa kutoa tairodi ya zamani kunakufikisha kwa fundi wa alaimenti (kunyoosha magurudumu), basi. Kwenye nyuzi zenye hatua ya milimita 1.5, mzunguko mmoja unasogeza toe (kiasi magurudumu yanavyoelekea ndani au nje) kwa takriban milimita 4 kwenye rimu ya inchi 14, na hiyo inatosha kula tairi. Endesha kidogo kwanza ili raba zitulie, kisha alaimenti, usukani ukiwa umefungwa katikati. Baadaye pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kinyume chake. Upande mmoja ukiteleza na wa pili ukikwaruza kama meno ya msumeno, toe bado haijakaa. Bolti za miguu zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi.

Nani aichukue seti hii? Anayekuta vingi vinacheza kwa pamoja. Nyanyua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi ya habu, ukibaki tazama boljointi. Shika kushoto na kulia: hapo ni tairodi au rakiendi, na ukiweka mkono juu ya buti ya raki utahisi ipi. Bushi pima kwa mtaimbo. Kama ni linki tu inayogonga, nunua linki peke yake, na si hizi.