Kozi ya jioni ya matamshi ya Kinorwei, Drammen: nyota nne

Ndugu zangu Waswahili wa huku, hasa mnaofanya kazi kama yangu kwenye nyumba za wazee, kozi hii naisifia ingawa siyo yote. Inafundishwa Jumanne na Alhamisi jioni, ghorofa ya pili juu ya duka la baiskeli. Ada ni krona 2,900. Uwe umeshafika B1, yaani kiwango cha kati cha lugha. Anayeanza na "jeg heter" (naitwa) asijisumbue.

Kilichonipeleka ni bibi mmoja ninayemhudumia. Sentensi zangu alizielewa vizuri, mpaka tufike kwenye "rullestol" (kiti cha magurudumu) au "blodtrykksmåler" (mashine ya kupimia presha), hapo anakunja uso: "Hva sa du?" (Umesemaje?) Msamiati upo, sarufi ipo, sasa nini? Mwalimu alitusikiliza tukisoma ukurasa mmoja tu, akasema shida yetu ni mkazo.

Wanorwei huunganisha nomino bila kuacha nafasi, na mkazo mkuu hukaa kwenye kipande cha kwanza. Kipande cha mwisho hupata mkazo mdogo: BARnehage (chekechea), SYkehus (hospitali), RULlestol; herufi kubwa ndipo penye mkazo. Kiswahili kinatuvuta upande mwingine kabisa. Ukiunga mwana na sheria, mkazo unahamia RI; ukiunga bata na mzinga, unahamia ZI. Basi Mswahili akiiona barnehage, ulimi wake unakimbilia barneHAge, na balaa ni kwamba HA ndipo kipande cha pili, hage (bustani), kinapoanzia. Mnorwei anasikia maneno mawili, anabaki kutafuta hiyo bustani iko wapi, wakati wewe unaongelea shule ya chekechea.

Mwalimu ni mama wa makamo, mpole lakini hakuachii. Hugonga meza: pigo zito, halafu pigo jepesi, nawe unasema neno juu ya mapigo hayo. Jioni ya lammelår tulicheka mpaka machozi. Mkazo ukiwa mwanzoni, hilo ni paja la mwanakondoo la kuchoma. Ukiuhamishia kwenye LÅR, ni mapaja yaliyopooza! Akaongeza KYLlinglever, maini ya kuku, na kylling LEver, kuku anaishi. Mkenya mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Ah, ni barabara na barabara!" Mwalimu akataka aeleze. Akamtamkia barabara ya magari, kisha barábara ya kusema mambo yako sawasawa. Mama wa watu akaandika kwenye daftari lake.

Somo lililonifaa kuliko yote lilikuwa la maneno ya vipande vitatu. Trykkmåler (kipimo cha shinikizo) haina s katikati, lakini blodtrykksmåler inayo, na hiyo s inakuonyesha mshono mkubwa ulipo: blodtrykk upande huu, måler upande ule. Pigo zito kwenye BLOD, jepesi kwenye MÅ, na trykk unaipitia haraka. Tangu hapo bibi yangu ananyoosha mkono mwenyewe nikiitaja mashine.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Kwanza, toni. Jioni mbili nzima tulihangaika na bønder, wakulima, na bønner, maharage, ambazo Oslo hutofautishwa kwa mpando na mshuko wa sauti tu. Ni elimu nzuri, lakini Bergen, magharibi, wanazipandisha na kuzishusha kivyao, na sehemu kubwa ya Finnmark, kaskazini kabisa, hawana tofauti hiyo kabisa. Kwa mtu wa B1 muda huo ungekwenda kwenye mkazo. Pili, rekodi zote za mazoezi ni za lafudhi ya Oslo. Wazee wangu nusu wametoka kaskazini!

Majina ya miji yamegusiwa juu juu, jambo la kusikitisha kwa sababu ndiko kwenye mitego: Kristiansand na Kristiansund mkazo uko mwishoni, kwenye SAND na SUND, kinyume cha kila tulichofundishwa. Niliuliza, nikajibiwa kwa sentensi moja, tukaendelea.

Ukijiunga, nenda na orodha ya maneno ya kazini kwako. Mwalimu anayapokea na kuyafanyia zoezi hapo hapo. Mimi nilimpelekea øyedråper (dawa ya matone ya macho) na hjemmetjeneste (huduma za nyumbani), fundi bomba mmoja wa Poland akaja na varmtvannsbereder (tangi la kuchemshia maji). Kahawa ni bure. Maegesho unalipia mwenyewe.