Monasteri ya Miami: nendeni, ila msipande gari nililopanda mimi

Miezi kadhaa iliyopita tulilipia matembezi ya kwenda kuona monasteri ya Mtakatifu Bernardo, kule North Miami Beach. Kampuni iliyotupeleka siitaji, isije ikapata wateja kwa mgongo wangu. Kaka aliyejiita kiongozi wa watalii alitushusha getini, akabaki garini na simu yake, na hata hatujamaliza upande mmoja wa ujia unaozunguka ua, honi! Nikamfuata kumwomba muda zaidi. Akanijibu bila kuinua macho: "Dada, mawe ni mawe tu."

Mawe tu! Yalijengwa Sacramenia, Hispania, kati ya 1133 na 1141. Watawa Wasitoo, wa shirika moja la Kikatoliki, walisali humo karne kwa karne, hadi miaka ya 1830 majengo yalipouzwa yakageuzwa ghala la nafaka na zizi. Mwaka 1925 tajiri wa magazeti, William Randolph Hearst, akayanunua (kanisa lenyewe lilibaki kulekule), yakabomolewa jiwe moja moja na kufungashwa kwa nyasi kavu kwenye makasha yapatayo 11,000 yenye namba. Kumbe Segovia, mkoa wenye hiyo Sacramenia, kuna ugonjwa wa mifugo wa miguu na midomo, na nyasi zile zingeweza kuubeba! Wakaguzi wa Marekani wakafungua makasha, wakachoma nyasi, kisha wakarudisha mawe kwenye makasha yasiyo yake. Hao nawaweka kapu moja na yule kaka. Hearst naye akabanwa na fedha, mzigo ukalala Brooklyn, New York, miaka 26. Walioununua mwaka 1952 walihangaika miezi 19 kuyaunganisha mawe huku Florida, na bado mawe mengine yakakosa pa kukaa.

Ndiyo maana nilitaka kusimama pale. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye kiungo cha mawe mawili, moja rangi ya asali, la pili la kijivu limemeguka kona, nikijiuliza kama huko Hispania nako yalikuwa jirani. Honi. Dari la matao nimeliona nusu. Ukumbi wa chakula wa watawa, ambao sasa ndio kanisa, nimeuchungulia mlangoni tu kama mdaiwa.

Nilipanga kutoa nyota moja kwa kila kitu, lakini monasteri imekosa nini? Tano. Kampuni sifuri. Haya, gari lilikuwa na kiyoyozi, na joto la Florida si la mchezo, basi wapeni moja. Ila tulipofika hotelini yule kaka akanyoosha mkono anataka bakshishi. Sifuri.