Pu-erh mbichi ya 2007: gramu 7, maji 15, Nakuru na Kisumu

Pu-erh hii, chai ya Kichina iliyoshindiliwa na kuachwa izeeke kwa miaka, huanza kuwa nzuri kwenye maji ya tano, yaani majani yaleyale yakimiminiwa maji ya moto mara ya tano. Kabla ya hapo unakunywa ghala ilimokaa. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu wengi wakionja kikombe cha kwanza cha pu-erh kuukuu huiacha papo hapo, na wengine huisifu kwa heshima ya umri wake tu. Wote hao bado hawajaionja.

Nilichonunua ni kipande cha gramu 100 kilichobanduliwa kwenye mkate wa gramu 357. Nasema mkate kama tunavyosema mkate wa tumbaku: majani yaliyolainishwa kwa mvuke, yakashindiliwa yakawa duara bapa. Karatasi ya kuufungia inataja Menghai, katika Xishuangbanna, kusini mwa mkoa wa Yunnan nchini China, mwaka 2007. Muuzaji anasema miaka ya kwanza ilikaa Guangdong, mkoa wa pwani kusini mwa China, kwenye joto na unyevu, kisha ikahamishiwa Kunming, mji mkuu wa Yunnan, ambako hewa ni kavu. Nimeionja vikao sita, vinne Nakuru na viwili Kisumu, kila mara gramu 7 kwa mililita 100 za maji.

Hii ni pu-erh mbichi. Ile ya kuvundika ni nyingine: ilianzishwa mwaka 1973 katika kiwanda cha chai cha Kunming, na majani yake hurundikwa, hulowanishwa na kufunikwa majuma kadhaa mpaka yapate joto, kama ndizi zinavyovundikwa, ili weusi na ulaini vije mapema. Mbichi haiharakishwi. Majani hukaangwa kidogo kwenye karai, husokotwa, huanikwa juani, hushindiliwa, halafu huachiwa miaka. Tarehe peke yake, hata hivyo, si sifa. Bei ya pu-erh ilipanda mno hadi mwaka 2007 kisha ikaporomoka mwaka huohuo, na mikate ya wakati ule inatofautiana sana kwa ubora. Karatasi nayo huchapishwa upya kwa urahisi. Ndiyo maana nilinunua kipande, nikaacha mkate.

Mmea wenyewe si mgeni kwetu. Ni chai ya jani pana, assamica, ndugu wa ile iliyojaa mashamba ya Kericho na Nandi. Kinachotofautiana ni kazi ya kiwandani. Chai yetu ya kila siku hukatwakatwa na kupondwa ikawa punje, seli nyingi za jani zimepasuka, hivyo hutoa karibu kila kitu kwa mchemko mmoja. Jani la pu-erh limejikunja likiwa zima au karibu zima, na hujifungua polepole. Ukiitia sufuriani pamoja na maziwa na sukari utapata uchungu mzito wenye harufu ya gunia, na pesa zako zitakuwa zimeisha kwa kikombe kimoja.

Kilichonisumbua zaidi ni maji. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na hapo maji huchemka yakifika karibu nyuzi 94. Kisumu, kando ya ziwa, iko kama mita 1,130 na maji huchemka karibu nyuzi 96. Pu-erh kuukuu inataka maji ya moto kabisa, lakini Kunming nayo iko karibu mita 1,900, kwa hiyo nyuzi 94 zinatosha. Kosa ni kupoteza hata hizo 94. Kikao changu cha kwanza nilimimina kutoka chupa ya chai, na kufikia maji ya sita kinywaji kilikuwa chembamba na butu, nikadhani majani yameisha. Hayakuwa yameisha, maji ndiyo yalikuwa yamepoa. Tangu hapo birika la umeme nalichemsha upya kila mara, gaiwani (lile bakuli dogo la kauri lenye kifuniko) naipasha moto kwanza, na kifuniko nakirudisha mara tu nikimaliza kumimina. Nakuru niliongeza sekunde 3 hadi 5 juu ya muda wa Kisumu, vikombe vikalingana.

Halafu kuna kilichomo ndani ya maji. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi mahali pengi, mara nyingi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Mchai nao hukusanya floridi kwenye majani yake, hasa yaliyokomaa, na mikate ya pu-erh huwa na majani makubwa ndani. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki na kukolea. Kwa hiyo situmii maji ya kisima kwa chai hii, isipokuwa yamepitia kichujio cha makaa ya mifupa kama vile ambavyo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza. Hata ladha inasema vivyo hivyo. Maji yenye magadi hutia rangi nyeusi haraka, huzima manukato, na yote yanalegea mdomoni. Maji ya mvua matupu nayo huifanya chai iwe kali na nyembamba. Nilichoridhika nacho ni maji ya chupa yenye madini kidogo, chini ya miligramu 100 kwa lita. Kiasi hicho huandikwa kwenye lebo.

Kubandua kunataka subira. Tumia msharasi wa fundi viatu au bisibisi nyembamba iliyooshwa vizuri, uuingize kwa ubavu, sambamba na tabaka za majani, kisha uinue. Ukichoma kutoka juu utapata vumbi, na vumbi hutoa uchungu wote kwenye maji mawili ya kwanza. Chukua sehemu ya uso na sehemu ya ndani kwa uwiano uleule kila kikao. Kwenye mikate mingi uso hupambwa na machipukizi madogo huku ndani kukiwa na majani mapana, kwa hiyo ukionja uso peke yake umeonja chai nyingine. Vipande vyangu vilipumzika siku 10 kwenye chungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi, na harufu ya ghala ikapungua waziwazi. Chungu kipya huwa na harufu ya moshi. Kioshe, kikaushe juani, na unuse kabla ya kutia chai.

Kuosha ni mara mbili, sekunde 5 kila mara, na maji hayo yamwagwe. Baada ya hapo nusa chini ya kifuniko kabla ya kunywa chochote. Hapo ndipo uhifadhi unapojisema. Harufu ya mbao kuukuu, udongo uliopigwa na mvua, gunia kavu: inavumilika. Uvundo wa ukungu unaokwaruza pua, hapana. Yangu ilikuwa katikati, mbao na udongo, pamoja na kauvundo kadogo nyuma yake.

Maji ya kwanza hadi ya nne nayaacha sekunde 8 hadi 10. Rangi ni ya chungwa lililoiva, ikielekea hudhurungi. Mimina kwenye glasi na umulike kwa tochi ya simu: chai iliyotunzwa vizuri hung'aa. Maji ya kwanza yalikuwa na wingu, ya tatu yakawa maangavu, dalili kwamba lilikuwa vumbi la kubandulia. Kama wingu lingefika maji ya sita, ningeushuku unyevu. Ladha ya vikombe hivi ni mbao, ngozi ya kiatu kipya, na kwenye maji ya tatu ubaridi wa kafuri unaopanda puani ukivuta pumzi. Utamu haupo bado. Kauvundo kanaonekana kwenye kikombe cha kwanza na cha pili, kanafifia cha tatu, cha nne hakapo.

Maji ya tano hadi ya nane, sekunde 12, 15, 20, 30, ndipo penye chai yenyewe, na ndipo ninapomwomba anayeionja asiwe na haraka. Uchungu unakuja mbele ya ulimi, wazi, usio na aibu, kama wa mrenda uliochanganywa na majani machungu ya kienyeji. Unakaa kwa muda mfupi, halafu unageuka utamu unaorudi kutoka kooni. Huo mgeuko ndio kipimo changu kikuu. Uchungu usiogeuka ni uchungu tu, hata mkate uwe na miaka 30. Ukakasi nao upime kwa saa: meza, uhesabu. Kwenye chai hii mashavu yalikauka, na kabla ya dakika moja mate yakarudi mengi kuliko kabla. Ukakasi mbaya hubaki kama wa pera bichi, ulimi unakwaruza hadi kikombe kinachofuata. Angalia na koo. Pu-erh iliyokaa kwenye unyevu uliopita kiasi hulikausha na kulibana, unatafuta maji ya kunywa. Hii haikubana, ila kwenye maji ya tano Kisumu nilihisi ukavu mdogo niliposahau nikaacha sekunde 40.

Uzito mdomoni nao ulikuwa bora hapa. Kinywaji kinateleza, kina ute kidogo, kama uji mwembamba usio na punje. Maji ya saba ndiyo niliyoyapenda kuliko yote: mbao imerudi nyuma, kafuri ipo, na kuna kitu cha matunda yaliyokaushwa ambacho sikukitarajia kwenye chai iliyopita Guangdong.

Maji ya tisa sekunde 45, ya kumi dakika 1, ya kumi na moja dakika 1 na nusu, ya kumi na mbili dakika 2. Rangi inashuka kuwa ya asali, uchungu unaondoka, na unabaki utamu wa sukari nguru, ile inayopikwa Kakamega na kwingineko penye miwa magharibi, lakini mwepesi. Chai dhaifu hapa huwa maji yenye rangi tu. Hii ilidumu hadi ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu kwa dakika 4 ilikuwa tamu na fupi, ya kumi na nne kwa dakika 8 ilikuwa na mbao tupu. Ya kumi na tano nilichemsha majani kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, dakika 10, na ikatoa kikombe kizito kuliko vitatu vilivyotangulia. Jumla ni lita moja na nusu kwa gramu 7. Usiinywe tumbo likiwa tupu, na usianze saa mbili usiku ukitaka kulala.

Machicha yakunjue kwenye sahani nyeupe. Yangu yalikuwa ya kahawia yenye ukijani wa mbali, na ukiyasugua kwa vidole yananyumbuka bila kupasuka. Palikuwa na machache meusi, magumu, yasiyofunguka kabisa, na hayo ndiyo yaliyolowa ghalani. Yangekuwa nusu ya sahani, ningeirudisha.

Kuhusu bei, usiangalie ya mkate mzima. Gramu 357 ukigawa kwa 7 ni vikao 51, na kila kikao ni vikombe vidogo 15. Gawa bei kwa 51 ndipo uamue. Kwangu kipande cha gramu 100 kilistahili. Mkate mzima wa chai hii singenunua kwa bei iliyowekwa, kwa sababu vikombe vinne vya mwanzo vinalipia kosa la uhifadhi, na bei ni ya chai isiyo na kosa hilo. Anayeishi Kisumu ana sababu zaidi ya kusita. Joto na unyevu wa ziwani huzeesha pu-erh haraka kuliko Nakuru, na mkate ambao tayari una kauvundo hauhitaji unyevu mwingine. Ukiona manyoya ya ukungu ya kijani, meusi au ya manjano juu ya majani, tupa, usikwangue.

Iliyobaki ni gramu 58. Iko kwenye chungu chake, kimefungwa kwa kitambaa cha pamba, rafu ya juu sebuleni. Jikoni nimekataa, kwa sababu majani haya hunyonya shombo la omena na harufu ya mafuta ya taa kwa siku moja.