Flamingo au Islamorada: tukodi boti ya mshipi wapi, Septemba hadi Novemba?

Kote kuwili, huko Florida, utavua kwenye ghuba ya Florida Bay, maji ya wastani wa mita moja tu, nahodha akiisukuma boti kwa pondo. Islamorada, iliyo visiwani ng'ambo ya ghuba, ina hoteli na manahodha tele, lakini upepo wa kaskazini ukishika utaloa ukivuka ghuba, na saa za kuvua zitapungua.

Flamingo imo ndani ya Hifadhi ya Everglades, kilomita 60 hivi kutoka langoni, na mbu wake ni wakali mno. Hata hivyo nachagua Flamingo: ukiondoka gatini, mara uko kwenye mikoko, mkizi wanaruka, snuku (samaki wawindaji wa mikokoni) wakiwafukuza. Msimu wa snuku hufungwa tarehe 1 Desemba, kwa hiyo nenda Oktoba. Leseni ya uvuvi ya nahodha inawatosha abiria wake.